Kuajiri mweka hesabu anayefanya kazi akiwa mbali: wenye ofisi ndogo za uhasibu Mombasa, tuongee

#1 Kalamu_Nyekundu

Salaam wana jukwaa.

Nina ofisi ndogo ya uhasibu hapa kisiwani, upande wa Ganjoni. Tuko watatu: mimi mwenye leseni ya ICPAK (chama cha wahasibu), kijana wa kodi, na dada wa mapokezi ambaye siku hizi kazi yake kubwa ni kupiga skana. Wateja wetu ni wa kawaida tu. Maduka ya vipuri, mawakala wa forodha, nyumba za wageni kule Nyali na Bamburi, daktari wa meno, shule ya chekechea.

Aliyekuwa akituwekea vitabu amepata kazi Nairobi. Nimetangaza nafasi, na walioomba wenye ujuzi wa kweli wengi hawako Mombasa mjini. Mmoja yuko Malindi, mwingine Ukunda, mwingine Voi. Wa Ukunda ananiambia waziwazi hawezi kupanda feri kila asubuhi kwa mshahara ninaotoa, na simlaumu. Basi nawaza, kwa nini nisimwache afanyie kwao? Meza yenyewe ya kumweka hapa nitalazimika kumnyang'anya mtu.

Ninachoogopa ni hesabu za watu. Nimpe ufikiaji gani? Nimpime vipi kabla sijamkabidhi mteja? Nitamsimamiaje bila kumpigia simu kila saa kama mama mkwe? Mwenye uzoefu atiririke. Nadharia ninazo za kutosha.

#2 Pwani_Kazini

Nafuatilia. Niko Mtwapa na nina swali hilohilo.

#3 MzeeWaUrari

Ndugu Kalamu, kabla hujauliza utampata wapi, uliza karatasi zitamfikia vipi.

Nimeona ofisi kadhaa zikijaribu jambo hili. Mtu wa mbali hashindwi na debiti na krediti, anashindwa na risiti iliyobaki kwenye dashibodi ya pikapu ya mteja. Mtu akiwa ofisini kwako, pengo hilo hulioni. Anainuka, anavuka barabara, anamuuliza mwenye duka: hii elfu kumi na mbili ya Jumanne ni ya nini? Mwenye duka anamjibu huku akimhudumia mteja mwingine, kazi inaendelea. Aliye Malindi hana barabara ya kuvuka. Atakuandikia, wewe utamwandikia mteja, mteja atasoma ujumbe usiku na kujibu "hiyo ni ile ya kawaida". Ya kawaida ipi?

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yako na wateja wako. Waandikie kwamba ifikapo tarehe 3 ya mwezi unataka taarifa ya benki, taarifa ya till na ya paybill (namba za M-Pesa za biashara) zikiwa faili la kufunguka kwenye Excel (si picha za skrini), na ankara za ununuzi. Mwenye duka anayepokea malipo kwenye simu yake binafsi, mwambie afungue till, la sivyo utakesha ukitenganisha mauzo na michango ya harusi.

La pili ni kalenda. Katika kazi hii mwezi unazunguka tarehe mbili. Tarehe 9 ni PAYE (kodi ya mishahara), NSSF (akiba ya uzeeni) na SHIF (bima ya afya). Ushuru wa nyumba sheria yake inasema siku ya 9 ya kazi, lakini mwenye akili huupeleka pamoja na hizo nyingine. Tarehe 20 ni VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na kodi ya mauzo kwa wale wadogo, na kodi ya nyumba za kupangisha. Sasa, ukimwambia mtu wa mbali "maliza kabla ya tarehe 20", atamaliza tarehe 19 saa tano usiku, na wewe huna muda wa kupitia. Mwambie mishahara iwe mezani kwako tarehe 4, VAT tarehe 14. Ritani (taarifa ya kodi ya mwezi) ya VAT ikichelewa faini ni Sh10,000 au 5% ya kodi, inayozidi ndiyo unalipa. Ya PAYE ni 25% au Sh10,000, vilevile inayozidi. Faini hiyo mteja hatamdai wa Malindi. Atakuja Ganjoni.

La tatu, na hili silegezi: mweka hesabu anaandaa, hawasilishi. Anatengeneza orodha ya malipo, halipi. Anayepitia ni mwingine, anayebonyeza ni mwingine. Hata mkiwa watatu inawezekana.

#4 Bandari_Tu

Mimi napinga kabisa mambo ya mtu wa mbali.

Kuna jamaa yangu ana ofisi kama hiyo. Alichukua mtu wa aina hiyo, mpole, vyeti safi. Kumbe yule bwana ana waajiri wengine wanne. Ritani za VAT za mteja mmoja zikapelekwa sifuri miezi miwili mfululizo, na huku eTIMS (mfumo wa mamlaka ya kodi wa ankara za kielektroniki) inaonyesha mauzo kila siku. Mfumo unasoma pande zote mbili, unategemea nini? Barua ikatoka. Mteja akaondoka, na ndugu zake watatu wenye biashara wakaondoka naye. Huyo mtu angekuwa amekaa mbele yako ungemwona anasinzia.

#5 MzeeWaUrari

Bandari, pole kwa jamaa yako, lakini jibu swali moja. Huyo mtu aliwezaje kuwasilisha ritani? Alikuwa na pasiwadi ya mteja ya iTax, ile tovuti ya kuwasilishia kodi. Na ritani ya sifuri ya mteja mwenye duka lililo wazi ilipita miezi miwili bila mtu wa pili kuitazama. Nimewahi kuona jambo hilohilo likifanywa na mtu aliyekaa mita mbili kutoka kwa bosi wake.

#6 Bandari_Tu

Sawa mzee. Lakini waajiri wanne!

#7 BintiVoi

Mimi ndiye huyo "mtu wa mbali" mnayemjadili 😀

Naishi Voi, nimefika ngazi ya kati ya CPA (mitihani ya uhasibu), naweka vitabu vya ofisi mbili za Mombasa. Ndiyo, mbili, na kila mmoja anajua kuhusu mwenzake kwa sababu niliwaambia siku ya kwanza. Kwa hiyo Bandari, ukitaka kujua kama mtu ana kazi nyingine, muulize, kisha iandike kwenye mkataba. Wengi hawaulizi. Wanalipa nusu mshahara halafu wanashangaa mtu anatafuta nusu ya pili.

Nawaambia yanayotukwaza sisi huku.

Bosi kutokujibu. Naweza kuwa na vitu kumi na tano kwenye akaunti ya saspensi (ya vitu ambavyo bado havijajulikana pa kuwekwa) vinavyongoja neno moja kutoka kwake: hiki ni cha biashara au cha nyumbani? Anajibu baada ya siku sita, halafu tarehe 18 ananiuliza mbona VAT haijakamilika. Ofisi yangu moja tumepatana hivi: maswali yote nayaandika kwenye faili moja la pamoja, kila swali na tarehe, kiasi na jina la mteja. Jumatano mchana bosi anayapitia yote kwa pamoja, hayazidi nusu saa. Yasiyojibika kwa wiki mbili anampigia mteja yeye mwenyewe. Tangu tuanze hivyo saspensi inafunga mwezi karibu tupu. Ile ofisi nyingine maswali yanatumwa WhatsApp, yanazama katikati ya picha za mandazi na salamu za Ijumaa.

Pili, stima. Huku stima zikipotea zinapotea kweli. Nina betri ya modemu na laini mbili za mitandao tofauti, na gharama hiyo nilimwambia mwajiri tugawane. Mkimhoji mtu muulizeni hilo. Hata nyinyi wa Mombasa msijione mko salama. Mwezi wa tano 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, kasi ilishuka nchi nzima, ilhali nyaya zenyewe zinatua hapohapo kwenu. Waliokuwa wamemaliza mapema hawakuhangaika. Tarehe 14 ya Mzee ina maana.

Tatu, zile programu za kupiga picha skrini yangu kila dakika kumi. Niliwahi kukubali moja, sitakubali tena. Kazi yetu ina ushahidi wake tayari. Benki imesuluhishwa au haijasuluhishwa. Salio la kitabu linalingana na la benki au halilingani. Picha ya kipanya changu kikitembea itakwambia nini zaidi?

#8 Kalamu_Nyekundu

Dada BintiVoi, asante sana, hasa hilo faili la maswali. Jumatano naichukua.

Mzee, nirudi kwenye kupima. Vyeti vya KASNEB (bodi ya mitihani ya uhasibu) naweza kuvithibitisha. Lakini nimewahi kuhojiana na watu wa vyeti vizuri ambao ukiwapa taarifa ya M-Pesa wanaiangalia kama ramani ya nchi ngeni. Unampima mtu vipi akiwa mbali?

#9 MzeeWaUrari

Mpe kazi ya kweli iliyofichwa majina, saa mbili au tatu, na umlipe. Usiombe mtu akufanyie kazi bure ukaiita usaili.

Mimi faili langu la mtihani ni wakala wa forodha. Nimelichagua makusudi, kwa sababu Mombasa huwezi kulikwepa. Ndani mna taarifa ya benki ya mwezi mmoja, taarifa ya till, ankara alizotoa wakala kwa wateja wake, na rundo la risiti za bandari, za kampuni za meli na za usafiri. Nimetega mitego humo.

Mtego mkubwa ni pesa za watu. Mteja wa wakala anamtumia, tuseme, laki nane za kutoa kontena. Katika hizo, ushuru wa forodha, malipo ya KPA (mamlaka ya bandari) na ya kampuni ya meli ni pesa za kupita tu, amelipiwa mwenye mzigo. Mapato ya wakala ni ada yake, labda elfu thelathini. Asiyejua ataandika laki nane zote kuwa mauzo. Biashara ya mtu mwenye ofisi ya chumba kimoja Changamwe inaonekana kubwa kuliko hoteli, na VAT inadaiwa ya pesa ambazo hazikuwa zake. Halafu kuna VAT iliyolipwa bandarini wakati wa kuingiza mzigo. Hiyo iko kwenye PIN (namba ya kodi) ya mwenye mzigo, na mwenye kuidai ni yeye, si wakala aliyepeleka malipo. Anayeiweka kwenye madai ya wakala amefeli hapohapo.

Mitego midogo: friji ya ofisi iliyowekwa kwenye matumizi ya mwezi badala ya mali ya kudumu. Ada ya shule ya mtoto wa mwenye biashara iliyolipwa kutoka till. Risiti ya fundi isiyo ya eTIMS, kwa sababu tangu 1 Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS hayatolewi kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa, ukiacha yale machache yaliyosamehewa. Na ankara moja ya ununuzi iliyochelewa, ya miezi minne nyuma. Nataka nione kama anajua bado inadaika, kwa kuwa VAT ya ununuzi ina miezi sita.

Sasa sikiliza. Sisahihishi majibu kwanza. Nasoma maswali aliyonitumia. Faili lile halikamiliki bila kuuliza, nimelitengeneza hivyo. Anayelirudisha limekamilika, kila shilingi imepata akaunti yake, hajauliza chochote, huyo ndiye wa kuogopa. Ameyabuni majibu. Akiwa hapa ungemkamata wiki ya kwanza. Akiwa mbali utamkamata mwisho wa mwaka.

#10 Forodha_Changamwe

Yakhe, mmenisema humu bila kunitaja 😂 Mimi ni wakala na hilo la laki nane limenifika. Mhasibu wangu wa zamani alinipandisha mauzo mpaka nikawa naogopa kufungua barua pepe.

Lakini niseme kama mteja. Sisi watu wa Mombasa tunajuana. Hesabu zangu zikitoka, leo jioni mshindani wangu anajua namtoza nani kiasi gani. Nampa mhasibu karatasi kwa sababu namjua yeye, najua msikiti anaoswali. Siku nikisikia kwamba karatasi zangu ziko kwenye kompyuta ya mtu nisiyemjua huko Malindi, na hukuniambia, nakuhama. Si kwamba mtu wa Malindi ni mbaya. Ni kwamba hukuniambia.

#11 Kalamu_Nyekundu

Ami, umenigusa pale penyewe. Ungetaka kuambiwa vipi?

#12 Forodha_Changamwe

Nikija kusaini ile barua ya makubaliano ya mwaka, iwemo. Fulani ndiye anayeandika vitabu vyako, yuko mahali fulani, anaona hiki na hiki, haoni kile. Na nipate kumwona siku moja, hata kwa video. Nikimwona uso nikamsikia anavyoongea, basi, nimeridhika. Na nikimpigia simu ajue mimi ni nani, asiniulize jina la kampuni.

#13 Mtu_wa_Mikataba

Forodha anadai haki yake, na sheria iko upande wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhesabu wewe mwenye ofisi kuwa na wajibu juu ya taarifa za watu unazoshika: vitambulisho, mishahara, namba za simu kwenye taarifa za M-Pesa. Ukimpa mtu wa nje azishughulikie kwa niaba yako, lazima mwe na mkataba wa maandishi. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ujue. Yule anayezishughulikia kwa niaba yako naye ana saa 48 za kukujulisha wewe. Andika hizo 48 kwenye mkataba, kwa herufi asizoweza kusema hakuziona.

Sasa mkataba wenyewe. Chagua kimoja: mwajiriwa au mkandarasi. Watu wengi wanataka utamu wa vyote viwili. Wanampangia saa, wanampa bosi, wanamkataza kazi nyingine, halafu wanamwita mkandarasi wakwepe makato. Ikifika mahakama ya kazi haiangalii jina mliloipa karatasi, inaangalia mlivyoishi.

Akiwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda hata akifanyia kazi jikoni kwao Taveta. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Majaribio yasizidi miezi sita bila yeye kukubali yaongezwe. Likizo siku 21 za kazi kwa mwaka. Unakata PAYE, NSSF 6% nawe unaongeza 6%, SHIF 2.75% ni yake peke yake, ushuru wa nyumba 1.5% yake na 1.5% yako. Ukitaka kumwachisha kazi kwa makosa yake, msikilize kwanza, akiwa na mwenzake pembeni kama anataka. Kumfungia akaunti usiku na kumtumia ujumbe wa "asante kwa huduma" kutakugharimu.

Akiwa mkandarasi, ada yake ikifika Sh24,000 kwa mwezi unazuia 5% na kuipeleka KRA (mamlaka ya kodi) ndani ya siku tano za kazi. Na kuna jambo ambalo nyinyi wahasibu mnawahubiria wateja na wenyewe mnalisahau: mkandarasi akupe ankara ya eTIMS. Hajasajiliwa VAT? Haijalishi, ankara ya eTIMS bado inahitajika. Bila hiyo, ada unayomlipa haitolewi kwenye mapato yako kabla ya kodi. Mshahara hauna shida hiyo.

#14 Kalamu_Nyekundu

Hapo kwenye eTIMS umenimaliza. Nitamwajiri.

#15 Waya_na_Nywila

Niongeze upande wa mitambo, maana naona kila mtu anasema "mpe ufikiaji" kana kwamba ni kitasa kimoja.

iTax: pasiwadi ya mteja asiione kabisa. Mteja aiteue ofisi yako kuwa wakala wake wa kodi mle mle kwenye iTax, ritani zipite kwa ofisi. Mweka hesabu anaandaa jedwali, kijana wako wa kodi anapakia. Kwa namna hiyo hata hoja ya Bandari inaisha.

Benki: taarifa tu, au ufikiaji wa kutazama pasipo kulipa. Kama mteja anataka mweka hesabu aandae malipo, benki nyingi zina mpangilio wa mmoja kuandaa na mwingine kuidhinisha. Anayeidhinisha awe mteja mwenyewe, na namba ya uthibitisho iende kwenye simu yake.

Vitabu: kwenye QuickBooks Online kila mtu awe na jina lake la kuingilia, msishirikiane moja. Daftari lake la matukio halifutiki, utaona nani aligusa nini na saa ngapi. Mkishafunga mwezi, weka tarehe ya kufunga pamoja na pasiwadi yake, na pasiwadi hiyo ushike wewe. Vinginevyo utapeleka VAT ya mwezi wa tatu, kisha mtu kwa nia njema "anarekebisha" ankara ya mwezi wa tatu, na vitabu havilingani tena na ulichopeleka. Wenye Tally kwenye kompyuta ya ofisi (najua Mombasa mko wengi, hasa wa vipuri na jumla) mnaweza kumwingiza kwa AnyDesk, lakini mpe mtumiaji wake mwenye mipaka ndani ya Tally na kompyuta iwe haina vitu vyenu vingine. Kuna mtu nilimkuta amefungua AnyDesk kwenye kompyuta yenye picha za harusi ya bosi.

Laptopu inunue wewe. Najua ni pesa. Ikiwa yake, siku mkiachana utamwambia afute nini na utajuaje amefuta? Karatasi za mteja zisipitie WhatsApp ya mtu binafsi, iwe laini ya ofisi. Na kumbukumbu za kodi lazima zikae miaka mitano, basi zikae kwenye hifadhi ya ofisi, si kwenye barua pepe yake.

Siku ya kuachana iwe na karatasi yake: akaunti zipi zinafungwa, nani anazifunga, saa ngapi. Itengeneze siku anayoanza, mkiwa bado mnapendana.

#16 Bandari_Tu

Haya, mmenisogeza kidogo. Lakini akiwachukua wateja? Anawajua, ana namba zao, bei yake itakuwa nusu ya yako.

#17 Mtu_wa_Mikataba

Mkataze kuwafuata wateja wako kwa muda fulani baada ya kuondoka, tuseme mwaka, na uwataje kuwa ni wale aliowahudumia. Kipengele cha namna hiyo kina nafasi ya kusimama. Usimwandikie "hutafanya uhasibu popote Pwani kwa miaka mitano", mahakama huangalia kama zuio ni la busara, na hilo halina hata chembe.

#18 MzeeWaUrari

Na zaidi ya kipengele: mteja asiyesikia sauti yako mwaka mzima si wako tena, mkataba uwe na kurasa mia. Robo mwaka ikiisha, kaa na mteja wewe mwenyewe, mfungulie vitabu, mweleze pesa zake zimekwenda wapi. Kuandika unaweza kumpa mwingine. Kuelewa hesabu na kuisimamia mbele ya KRA ni kwako, ndiyo maana leseni ina jina lako.

#19 BintiVoi

Mzee kasema. Na mimi sitaki wateja wa mtu, risiti zao nitazipeleka wapi?

Kalamu, mambo machache ya utu. Mpange saa zenu mapema. Ijumaa mchana wengi wenu mko msikitini, na Ramadhani ofisi inafungwa mapema, sasa mimi Mkristo niliye Voi nikituma swali saa nane nasubiri hewa. Hakuna ubaya, niambie tu, nitapanga kazi ya kimya muda huo. Wiki mbili za kwanza mlete Mombasa, akae na nyinyi, awaone wateja, ajue mwenye duka yupi anasema "kesho" akimaanisha kesho na yupi anasema tu. Mimi kila robo mwaka napanda treni inayosimama Voi, nashinda ofisini, narudi. Bosi analipa tiketi. Siku hiyo moja inaniokolea maswali mengi.

Na mwanzoni umpe wateja wawili tu. Mmoja rahisi, mmoja msumbufu. Ukimpa kumi na wawili siku ya kwanza humpimi, unamzamisha.

#20 Pwani_Kazini

Swali dogo: mshahara mnalipa kiasi gani kwa mtu wa ngazi ya BintiVoi?

#21 BintiVoi

Yangu siweki hapa 😀 Ila asikudanganye mtu kwamba Voi maisha ni ya bure kwa hiyo ukate theluthi. Ninayelipia intaneti, stima na meza ni mimi.

#22 Kalamu_Nyekundu

Wana jukwaa, nimekaa na haya yote wikendi. Wateja nimeanza kuwaandikia, na mwenye duka mmoja wa vipuri kashaniuliza kama tarehe 3 ni ya kweli au ya kutishia. Tangazo langu jipya hili hapa, lipitieni kabla sijalitoa:

"Ofisi ya uhasibu Mombasa inatafuta mweka hesabu wa kufanya kazi akiwa nyumbani, popote Pwani. Awe na CPA ngazi ya kati au diploma ya ATD ya KASNEB, na uzoefu wa miaka 5. Ajue QuickBooks Online, VAT, eTIMS na orodha za mishahara. Awe na mitandao miwili ya intaneti, ofisi inachangia. Laptopu inatolewa. Wiki mbili za kwanza Mombasa, nauli na malazi juu yetu. Ajira ya kudumu baada ya majaribio ya miezi mitatu. Kuna mtihani wa vitendo wa saa tatu, unalipwa Sh2,000. Kuanza tarehe 15."

#23 BintiVoi

Andika mshahara. Tangazo lisilo na mshahara linajibiwa na wasio na pa kwenda.

#24 Forodha_Changamwe

Na Kiswahili. Azungumze na wateja Kiswahili cha watu, si cha ripoti.

#25 Kalamu_Nyekundu

Nimeongeza yote mawili. Mshahara Sh45,000 kabla ya makato, na nyongeza ya intaneti Sh3,000. Nyongeza hiyo nitaipitisha kwenye orodha ya mishahara, Mtu_wa_Mikataba usinitazame hivyo.

#26 MzeeWaUrari

Miaka mitano ya nini? Utawakosa vijana wa miaka miwili waliofundishwa vizuri na utapata wa miaka mitano waliorudia mwaka mmoja mara tano. Mtihani utakwambia. Ongeza Tally, wenye vipuri wako hawatahama kwa ajili ya mtu mmoja.

Na hiyo tarehe 15 iondoe. Utamkaribisha mgeni huku wewe mwenyewe umezama kwenye VAT, hutakuwa na muda hata wa kumwonyesha faili lilipo. Mwanzishe tarehe 21.